Miaka 11 bila aksida, na bei bado inapanda



Leo hatuongee maji wala umeme. Tunaongea ile karatasi ndogo yenye kubandikwa ku kioo cha mbele ya gari, yenye kila mwenye gari analipa na karibu hakuna mutu anaisoma. Asiransi.

Papa ya mwenzetu mmoja ni shofere wa taksi. Anafanya Kenya mupaka katikati ya muji, na Toyota IST yake mwenyewe, yenye aliilipa pole pole, haiko ya patro. Miaka 11 hajagonga mutu, hajagongwa, hata taa ya nyuma haijavunjika. Juzi asiransi yake ilikuwa inaisha, akaenda kuirudilia ku kampuni yenye amezoea. Wakamuambia bei. Ilikuwa juu kupita ya mwaka uliopita. Akauliza: "Mama, mimi nimekosa nini?" Yule mama wa ku gishe akamujibu kwa heshima: "Papa, haukukosa kitu. Tarifu njo imepanda." Akalipa. Ungefanya nini? Kesho yake asubui polisi wa rulaji wako pale ku kona, na wao hawaulizi kama tarifu imepanda, wanauliza karatasi.

Jioni akatutupia kontra juu ya meza. "Ninyi mulisoma, munielezee basi." Tulikuwa watano pale, tatu kati yetu na diploma ya universite. Hakuna mwenye aliweza. Tuliona haya. Tukaanza kutafuta, kuuliza, kusoma sheria, kulinganisha kontra za wazazi na za majirani. Haya tunaandika hapa njo yenye tulipata, pamoja na hasira yenye tulipata njiani.

Tuanze na pesa yenyewe, ile wanaita primu. Watu wengi wanawaza primu ni sawa akiba: nimelipa miaka 11, sikutumia, basi pesa yangu iko pale inalala. Hapana. Haiko akiba. Ni sawa likelemba ya watu wenye hawajuane, yenye haina zamu. Tuseme gari 1.000 ziko mu kampuni moja. Mu mwaka mumoja, 40 kati yazo zinagonga watu ao vitu, na kila aksida inaomba dola 3.000 za kulipa. Jumla ni dola 120.000. Ugawanye kwa 1.000: kila gari inabeba dola 120, mbele kampuni haijalipa biro yake, wafanyakazi wake, na kodi ya serikali. Mwaka unaofuata aksida zinakuwa 50. Ni dola 150 kwa kila gari. Papa yetu hakufanya kitu, lakini bei imepanda dola 30 juu ya wengine wenye walikimbiza. Ao aksida zinabaki 40, lakini pyesi za gari na dawa za ku hospitali zimepanda, kila aksida inaomba 3.600: utaona 144. Namba hizi ni mufano wetu tu wa kuelewa namna mashini inazunguka, usiende kuzibishana ku gishe.

Kwa hiyo ile jibu ya "haukukosa kitu" ilikuwa jibu ya kweli. Lakini haikukuwa jibu kamili, na pale njo tunaanza kukasirika.

Kuna kitu kingine chenye kinadanganya watu kila mwaka. Mutu anasema: gari yangu imezeeka, imeshuka bei, kwa nini asiransi haishuke? Inategemea unalipa asiransi gani. Wengi wetu tunalipa ile ya lazima tu, ya kulipia mutu wa tatu. Ile haiangalie gari yako hata kidogo. Inaangalia mutu mwenye unaweza kugonga. Na mguu wa mutu haushuke bei juu gari yenye iliuvunja ni ya 2003. Wenye wanalipa asiransi ya kila hatari, ile inatengeneza hata gari yao wenyewe, wao njo wanaweza kuomba bei ishuke kadiri gari inazeeka, na waombe kweli, wasingoje kampuni ikumbuke.

Kisha kuna nguvu ya motere, na kazi yenye gari inafanya. Gari ya nyumbani na gari ya taksi hazilipe sawasawa, na ni haki: taksi iko mu njia toka saa kumi na moja ya asubui mupaka usiku. Tunajua vijana wenye walitangaza "ya nyumbani" na wanabeba watu kila siku, juu ya kupunguza bei. Tunawaambia wazi: siku ya aksida, uongo ule njo kitu cha kwanza kampuni itatafuta. Ulilipa nusu, na unaweza kusimama peke yako mbele ya familia ya mutu yenye uliumiza.

Sasa bonusi.

Bonusi ni wazo rahisi: mwenye hakuleta aksida, mwaka unaofuata alipe kidogo. Malusi ni upande mwingine: mwenye alileta, alipe zaidi. Wafaransa, wenye tulichukua kwao maneno mengi ya asiransi, wako na hesabu yenye iliandikwa mu sheria toka 1976. Kila mutu anaanza ku 1,00. Mwaka mumoja bila aksida yenye makosa yako, wanazidisha na 0,95. Mwaka wa pili tena 0,95. Hesabu inashuka vile mupaka 0,50, kisha haishuke tena. Inaomba miaka 13. Ukileta aksida na makosa yote ni yako, wanazidisha na 1,25. Kama makosa mumegawana na mwenzako, 1,125. Na haiwezi kupita 3,50. Hata mutu mwenye alipanda juu sana, akikaa miaka mbili bila aksida, anarudi ku 1,00. Kuna ukali ndani, kuna na huruma, na zaidi ya yote kila mutu anaweza kuifanya hesabu yeye mwenyewe ku meza, na kalamu. Waingereza hawakufanya vile. Kwao kila kampuni inapanga ngazi zake, na wao wanahesabu kama ulidai pesa, hawahesabu sana nani alikosa. Unaweza kugongwa na mutu mwenye alikimbia, haukukosa kitu, na ukapoteza bonusi juu kampuni yako njo ililipa na haikupata mwenye kurudisha.

Hatusemi tuige mumoja ao mwingine. Tunasema wote wawili wako na kitu chenye papa yetu hakuona ku karatasi yake: mustari wenye kuonyesha.

Kontra yake iliandika jumla moja, chini, na muhuri. Ni yote. Haionyeshe bei ya mwanzo ni ngapi, malipo ya karatasi ni ngapi, kodi ni ngapi, bonusi iko ao haiko. Na bila mistari ile hakuna namna ya kujua kama wanakuibia ao wanakutendea mema. Muangalie vizuri hesabu hii, ni yenye tunataka mushike. Tuseme bei ya mwanzo mwaka jana ilikuwa dola 200. Mwaka huu wanaipandisha, inakuwa 220. Wanakupatia bonusi ya 5 kwa 100. 220 mara 0,95 ni 209. Umepata bonusi, na umelipa dola 9 zaidi. Ukiona paka jumla, utatoka pale unasema bonusi ni uongo. Haiko uongo: bila ile ungelipa 220. Lakini kampuni inaweza pia kukuambia "papa, tumekuwekea bonusi", na bei ya mwanzo imepandishwa kimya kimya ili bonusi imezwe ndani. Mambo yote mawili yanaonekana sawasawa kwa mutu mwenye anaona jumla tu. Na ujue tena: mara nyingi bonusi inagusa asiransi yenyewe, haiguse malipo ya karatasi. Wenye wanataka kukupunguzia ku mukono wa kuume na kukuongezea ku wa kushoto, wanapitia pale.

Tulienda kuuliza jirani, kijana mwenye eko na Noah. Yeye mwaka ule aliisha kugonga mara tatu: parishoki ya mutu ku njia ya Kasenga, ukuta wa mama mumoja kule Katuba, na moto moja yenye ilikuwa imesimama. Alilipa asiransi bei gani? Ile ile. Franka kwa franka. Tulicheka kwanza, kisha tukaacha kucheka. Juu ku macho ya kampuni yeye na papa yetu ni watu sawasawa: hakuna mumoja alitangaza aksida. Yule hakugonga. Huyu aligonga na akamaliza mambo mu njia: "Patro, tupatane," makuta kidogo, kila mutu na njia yake.

Njo pale ugonjwa uko. Bonusi inaomba kumbukumbu. Kama inchi nzima inamaliza aksida zake pembeni ya njia, kampuni haiwezi kujua nani ni muangalifu na nani ni hatari, na itatoza wote sawa. Muangalifu analipia mukorofi. Na hatuwezi kulaumu kampuni tu. Sisi wenyewe tunasimama pale, tunapiga makelele, tunafanya waamuzi, "toa 20 tu muishe". Mumoja wetu, mwenye anaandika mistari hii pamoja na wengine, alifanya vile mwaka uliopita na akajiona mutu wa amani.

Aksida ile, tuielezee. Mama mumoja mwenye kuuza lengalenga aligongwa na Hiace asubui sana. Hakuzimia, alikuwa anaongea. Shofere alishuka na kilio cha kweli, "Mama, nisamehe, niko na batoto", na watu wote tukamuhurumia. Akatoa dola 50. Mama akapokea, juu alikuwa anawaza lengalenga yake yenye ilimwangika. Wakapelekana ku kituo cha afya, wakamufunga mguu. Mufupa haukushika vizuri. Miezi minne hakuuza. Watoto wawili walirudishwa nyumbani na masomo juu ya malipo. Na ile Hiace, muelewe, ilikuwa na asiransi. Tuliiona ku kioo, haikuwa imeisha, haikuwa ya bandia. Hakuna mutu aliita polisi kufanya konstati, hakuna mutu aliandika namba ya asiransi, na sisi wenye kujua haki za raia hatukumuambia mama ile kitu moja: asiransi ile ilikuwa yake. Shofere njo alilipa, lakini ililipwa juu yake yeye, mutu wa tatu, mwenye kutembea kwa miguu na beseni ku kichwa. Sheria ya tarehe 5 Januari 1973, ile ya kulazimisha asiransi ya magari, iliandikwa juu ya watu sawa yeye. Haikuandikwa juu ya polisi kupata kitu cha kuuliza.

Kwa hiyo tukisema tunataka bonusi, tunajua pia hatari yake. Kama leo watu wanaficha aksida bila bonusi, wataficha namna gani siku kila aksida itapandisha bei ya mwaka unaofuata? Shofere atawaza hesabu yake mbele ya kumuangalia mwenye amelala chini. Hatutaki bonusi ya namna ile. Ku upande wetu musingi ni huu: parishoki na taa, mutu ahesabu vile anataka, damu na mufupa, ni konstati, ni asiransi, hakuna mapatano ya mu njia.

Na kuhesabu parishoki, kuna hesabu. Tuseme uko ku 0,80 na bei ya mwanzo ni 200: unalipa 160. Umevunja taa ya mutu, dola 60. Ukitangaza, na hesabu ya Wafaransa, unapanda ku 1,00 na mwaka unaofuata unalipa 200. Bila kutangaza ungeshuka ku 0,76, ungelipa 152. Tofauti ni 48. Mwaka wa pili 190 ku upande mumoja, 144 ku upande mwingine: 46. Mwaka wa tatu 180 na 136: 44. Miaka mitatu tu, umeisha kupoteza 138 juu ya taa ya 60. Lipa taa ya mwenzako, pana mikono, uandike karatasi ndogo mutie sahihi wote wawili, enda. Lakini kama ni mulango mzima na motere, ao kama mutu mwingine hakubali kosa lake, ita konstati. Mufano huu unatumika pale kontra yako iko na ngazi ya bonusi. Kama haina, hakuna kitu unalinda.

Tuongee pia vijana wa versema, juu wengi wenye kutusoma njo hao. Unaendesha gari ya patro, ao moto ya patro, kila jioni unapeleka pesa yake. Ukivunja, unalipa wewe. Mwaka ukipita vizuri bila aksida, nani anapata bonusi? Patro. Asiransi iko ku jina lake. Wewe uliamka saa kumi, ulifunga breki mbele ya watoto wa masomo, ulikataa kukimbiza wakati kliyani anapiga makelele nyuma, na siku utapata gari yako mwenyewe utaanza ku 1,00 sawa mutu mwenye ameshika permi jana. Tunaona pale kuna kitu hakiko sawa. Kampuni inaweza kuandika jina la shofere wa kila siku ku kontra, na mwisho wa mwaka kumupatia karatasi yenye kusema: huyu aliendesha gari hii, hakuleta aksida. Haiombe sheria mupya. Inaomba nia, na mashini ya kuchapa.

Watu watasema: ninyi vijana, asiransi ya inchi hii ilikuwa hivi toka zamani. Ndiyo, na kuna sababu. Toka 1966 SONAS ilikuwa peke yake. Mutu mwenye kuwa peke yake hana lazima ya kukupunguzia, utaenda wapi? Lakini ile iliisha ku karatasi na sheria ya tarehe 17 Machi 2015, yenye ilifungua njia kwa kampuni zingine na kuunda ARCA, mamlaka ya kusimamia asiransi. Toka 2019 kampuni za watu binafsi zikaanza kupewa ruhusa. Leo unaweza kutoka ku gishe moja na kuvuka njia. Kwa nini basi tunafanya sawa hatuwezi? Watu wengi wanarudilia pale pale siku ile ile asiransi inaisha, saa kumi ya jioni, na pesa mu mukono na polisi mu kichwa. Mutu wa haraka hawezi kulinganisha bei. Kampuni zinajua.

Enda wiki mbili mbele. Uliza wakuandikie bei kwa mistari: bei ya mwanzo, punguzo, malipo ya karatasi, kodi. Uliza kwa sauti: "Kontra yangu iko na punguzo la mwenye hakuleta aksida? Iko ku ukurasa gani?" Kama wanasema iko, waonyeshe. Kama wanasema haiko, uliza nani alikataza, kisha peleka swali lile lile ku kampuni ya pili na ya tatu. Omba karatasi ya historia yako, yenye kuonyesha miaka ngapi ulilipa na aksida ngapi walilipa juu yako. Ile karatasi njo mali yako. Bonusi inafuata mutu, haifuate gari. Ukiuza IST na kununua Noah, historia ni ile ile. Na usiache asiransi ikatike miezi mingi kisha urudi unaomba bonusi: mahali pengi mwaka wenye kukatika haihesabiwe.

Wenye kuvuka Kasumbalesa kila wiki, mukumbuke karte ya manjano ya COMESA ni kitu ya pembeni. Inalipia watu wenye unaweza kuumiza kule ngambo, kufuatana na sheria ya inchi ile. Haiponyeshe gari yako. Uliza bei yake iandikwe peke yake, isichanganywe mu jumla.

Wale wa makaratasi ya bandia, yenye kununuliwa bei ya chini na kubandikwa juu ya polisi tu, hatutawahubiria kwa urefu. Tunaelewa mutu mwenye anaona asiransi haijawahi kulipa mutu hata mumoja mu kitongoji chake, na anasema basi ninunue picha yake. Lakini picha haitalipa mguu wa mama wa lengalenga, na kila mwenye kununua picha anawaachia wenye kulipa kweli muzigo wa kubeba.

Kwa wenye kusimamia, tunaomba mambo machache na tutayarudilia mupaka yasikike. Kontra yote ya kurudilia ionyeshe hesabu yake, mustari kwa mustari, na bei ya mwaka uliopita pembeni, ili mutu aone nini imepanda. Karatasi ya historia ipewe bure, na kila kampuni ikubali ile ya kampuni ingine. Ngazi ya bonusi na malusi ibandikwe ku ukuta wa kila biro, na Kiswahili iwe pale, juu shofere wa Ruashi haongee Kifaransa cha mawakili. Na kila aksida yenye imeumiza mutu, polisi aandike namba ya asiransi mbele ya kuandika kitu kingine chochote.

Ku upande wetu: mwenye kuwa na kontra na haelewi, atuletee fotokopi, afunike jina lake. Tutazisoma pamoja na tutaandika nini tumeona, bila kutaja mutu.

Papa yetu alirudi ku biro ile wiki iliyopita, na fotokopi za miaka 11 mu mufuko ya plastiki. Alikaa, akaomba kwa heshima wamuonyeshe mustari wa bonusi. Yule mama wa ku gishe alizisoma moja moja, akasimama, akasema "Papa, ungoje nione shefu." Shefu hakuwa pale. Wamemupatia siku ya ine, na sisi wawili tutamusindikiza.